Fundi Anayetunza Mita

Mwenye nyumba mpya ya Dar es Salaam akiona bomba la mvua bafuni linadondosha badala ya kunyesha, huomba moja kati ya mambo mawili: tenki kubwa zaidi au pampu. Wapo watakaomuuzia vyote viwili siku hiyohiyo. Fundi bomba ninayemsifu hapa hutoa kwanza futikamba, akapima kimo kutoka usawa wa maji kwenye tenki hadi kwenye bomba lile. Kipimo hicho ndicho mtaji wake.

Maji hayajali upana wa chombo. Simon Stevin, mwanahisabati wa Bruges, aliliandika jambo hilo mwaka 1586: kinachosukuma ni kina, si wingi. Tenki la lita 10,000 na la lita 1,000, maji yake yakiwa usawa mmoja, husukuma sawasawa. Kila mita 10 za kimo ni presha ya takribani bari 1. Basi maji yakiwa mita 5 juu ya ardhi, na bomba la mvua likiwa mita 2, zimebaki mita 3, yaani bari 0.3. Si nyingi, lakini mtu ataoga vizuri, mradi zisiishie njiani.

Na njiani ndiko zinakoishia. Maji yanayotembea husuguana na bomba, na kila elbo, kila tii, kila koki humega chake. Ukipunguza kipenyo cha ndani kuwa nusu, ukataka maji yaleyale yapite, upotevu huongezeka takribani mara 30. Ndiyo maana fundi mzuri hufunga geji ya presha na kuisoma mara mbili. Koki zote zikiwa zimefungwa, geji inaonyesha kimo kitupu. Ikisoma kidogo hapo, tenki liko chini mno. Ikisoma vizuri kisha ikaporomoka koki inapofunguliwa, kosa limo ndani ya mabomba, na tenki jipya halitaliponya.

Mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo sasa yako katika nyumba nyingi zinazojengwa, yanadai uangalifu ambao mwenye nyumba hatauona kamwe. La milimita 20 hupimwa kwa nje. Lile la ukuta mnene lina tundu la milimita 13 tu. Huunganishwa kwa moto: mashine ikifika nyuzi joto 260, bomba na soketi hupashwa moto kama sekunde 5, kisha husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi akikawia, au akisukuma kupita alama, plastiki laini hujikunja ndani ikafanya pete. Kwa nje kiungo ni safi. Kitapita hata jaribio la presha, maana hakivuji. Lakini tundu limebanwa, na nyumba moja ina viungo vya namna hiyo kwa makumi. Mtu anayehesabu sekunde tano kwa uaminifu kwenye kiungo cha arobaini, jua limeshazama na msimamizi ameshaondoka, anastahili heshima kubwa kuliko tunayompa.

Utunzaji huu wa kimo si mgeni kwetu. Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mfongo mzuri haukimbilii bondeni. Huambaa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo, ili maji yafike mbali yakiwa bado juu ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani, yanavyokwenda kunywesha.

Ziada ya presha nayo ni tatizo. Kwenye jengo la ghorofa 15 lenye tenki juu ya paa, wa chini kabisa hupata bari 4 na ushee huku wa juu kabisa wakisubiri ndoo ijae. Fundi huwawekea wa juu pampu ndogo na wa chini kipunguza presha. Hapo koki ikifungwa ghafla, bomba haligongi kwa nguvu ileile ukutani. Nikolai Joukowsky alilieleza pigo hilo mwaka 1898, baada ya majaribio kwenye mabomba ya Moscow.

Bustani ndiyo hufichua kila kitu. Vinyunyizio vingi vya ukoka vinavyochomoza ardhini hutaka bari 2 hivi. Chini ya hapo maji hudondoka kwa duara, katikati pakabaki pakavu. Juu ya hapo hugeuka ukungu, na upepo wa pwani ukaubeba hadi barabarani. Hapa pampu ina haki yake. Hata hivyo fundi hutandaza makopo matupu kwenye nyasi, hufungulia kabla upepo haujaanza, kisha hupima kina cha maji katika kila kopo ndipo aguse skrubu ya kinyunyizio.

Ningependa fundi huyu aitwe mapema, siku mnara wa tenki unapochorwa, si baada ya vigae kubandikwa. Siku hiyo mita moja ya ziada ni tofali, nondo na saruji kidogo. Nayo itaipa nyumba bari 0.1 kwa miaka yote ya mnara ule, umeme ukiwepo na usipokuwepo.