Nanasi la Taeko na Fulu wa Suna: Hamu ya Kwao katika Michoro ya Mkono

Kwa mtazamo wa kwanza, filamu ya Isao Takahata iitwayo Omohide Poro Poro, iliyotolewa na Studio Ghibli ya Japani mwaka 1991, haina la kumwambia mtu wa Suna, Migori. Taeko, mwanamke wa miaka 27 aliyeajiriwa ofisini Tokyo, anasafiri mwaka 1982 kwenda mashambani Yamagata, na njiani anaandamwa na utoto wake wa mwaka 1966. Hata hivyo, filamu hii iliyochorwa kwa mkono inaibua suala linalomgusa sana mhamaji wa Nyanza Kusini: chakula cha utotoni hukumbukwaje pale ambapo chenyewe hakipatikani tena?

Tukio muhimu ni la nanasi. Baba analeta nanasi zima, tunda geni nyumbani humo, na hakuna ajuaye kulikata. Linakaa likingojewa mpaka dada mmoja ajifunze namna. Siku ya kuliwa familia yote inakusanyika, vipande vinagawiwa, kumbe ni gumu, wala si tamu. Wengine wanasusa. Taeko peke yake anaendelea kutafuna, kwa ukaidi wa mtoto asiyetaka matumaini yake yavunjwe. Kinachokumbukwa, basi, si utamu, bali kule kungoja. Fani inashadidia jambo hilo: mandhari ya 1966 yana rangi hafifu na kingo zinazofifia hadi weupe wa karatasi, ilhali ya 1982 yamejazwa pembe zote. Msahaulifu haongezewi asichokumbuka.

Filamu inalegea inapofika Yamagata. Taeko ni mzaliwa wa mjini. Shamba analolitamani si kwao, na uzuri uliosheheni wa mandhari hayo unakaribia kuwa sifa za mgeni.

Kwa upande wa Suna, hali ni nzito zaidi. Mhamaji aliyeko Nairobi hununua omena Gikomba akapika, na hamu ikatulia kidogo. Fulu je? Samaki hao wadogo wa Ziwa Viktoria, waliokuwa wa mamia ya spishi, walipungua vibaya katika miaka ya 1980 baada ya mbuta, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, kuenea. Baadhi wamerejea, spishi nyingi hazikuonekana tena. Aliyelishwa fulu kwa kuon utotoni anatamani kitu ambacho nauli ya basi la Migori haiwezi kumrudishia.

Hapo ndipo mchoro unapoishinda kamera. Kamera hudai kitu kiwepo mbele yake, kalamu haidai. Wala si mbinu ngeni kwa wasanii wa Kenya: katika Yellow Fever (2012), Ng'endo Mukii alichanganya michoro na picha za watu halisi ili kumrejesha msusi wa utotoni aliyejichubua kwa mkorogo, naye hakumpamba. Ukweli wa aina hiyo ndio unaohitajika kwa fulu. Mchoraji atakayemfanya aling'ae sahanini kama tangazo la hoteli atakuwa amemwongopea mlaji aliyemla kwa uangalifu, ulimi ukitafuta mwiba, huku mama akiwachambulia wadogo kwa vidole. Mikono hiyo yafaa ichorwe kikamilifu. Samaki mwenyewe aweza kuachwa nusu, mkia wake ukiishia kwenye weupe.