Kauli Zinazofuata Kura

Iko kauli inayozunguka sana barazani, na hata katika baadhi ya darsa, ya kwamba huko Marekani chama cha Republican ni cha watu wa dini kwa kuwa kinapinga kutoa mimba, na chama cha Democratic ni cha wasiojali dini kwa kuwa kinakubali. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, kwa hivyo naona haifai kuiacha ipite bila ya kuipima.

Tuipime kama tunavyozipima kauli za wanavyuoni. Kubadili rai si aibu. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu wa mwambao tunamfuata, alikuwa na kauli zake za kale za Iraq, na alipohamia Misri akawa na kauli mpya. Katika suala hili hili la mimba wanavyuoni wamekhitalifiana: Imamu Ghazali aliliona ni haramu tangu mwanzo, na wako Mahanafi walioruhusu kwa udhuru kabla ya siku 120. Lakini kila mmoja wao ukimwuliza dalili, anayo. Basi na wana siasa hawa tuwaulize hilo hilo: kilichokuhamisheni ni nini?

Sheria ya California ya mwaka 1967, iliyopanua ruhusa ya kutoa mimba, ilitiwa saini na Gavana Ronald Reagan. Ile ya New York, mwaka 1970, ilitiwa saini na Gavana Nelson Rockefeller. Wote wawili ni Republican. Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya Roe, iliyoifanya kuwa ni haki ya kikatiba, kwa majaji saba dhidi ya wawili. Katika hao saba, watano waliteuliwa na marais wa Republican; aliyeiandika, Harry Blackmun, aliteuliwa na Nixon. Na katika wawili waliokataa, mmoja, Byron White, aliteuliwa na Kennedy, Mdemocrat! Hata Wabaptisti wa Kusini, walio mstari wa mbele leo, mkutano wao wa mwaka 1971 ulikubali iruhusiwe katika baadhi ya hali.

Na upande wa pili? Seneta Edward Kennedy aliandika mwaka 1971 kuitetea haki ya mtoto aliye tumboni. Mchungaji Jesse Jackson naye alisema hayo katika miaka hiyo. Wote wawili baadaye wakawa watetezi wa ruhusa. Joe Biden kwa miaka mingi aliunga mkono sheria ya kukataza fedha za serikali kuu kutumika kutoa mimba, akaiacha Juni 2019, naye anaomba kura za urais ndani ya chama chake.

Sikatai kwamba wako waliobadilika kwa moyo safi. Reagan alisema baadaye kwamba aliijutia saini yake, na hilo tumpe. Lakini George Bush mkubwa alikuwa na rai nyingine mpaka alipochukuliwa kuwa mgombea mwenza wa Reagan mwaka 1980. Na washauri wa Nixon, kuelekea uchaguzi wa 1972, walikwisha kuona kwamba Wakatoliki, waliozoea kuwapigia kura Wademocrat, waweza kuvutwa kwa jambo hili. Hiyo ndiyo dalili yao: hesabu ya kura.

Aliyebaki na rai yake aliwekwa kando. Robert Casey, Gavana wa Pennsylvania, Mdemocrat mpinzani wa kutoa mimba, hakupewa nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu wa chama chake mwaka 1992. Wakuu wakasema ni kwa sababu hakumwunga mkono Clinton. Haya.

Donald Trump mwaka 1999 alisema katika televisheni kwamba anaunga mkono ruhusa. Alipokuwa rais aliteua majaji watatu, na tarehe 24 Juni 2022 hukumu ya Roe ikafutwa, nao watatu ni miongoni mwa walioifuta. Mwezi wa Agosti wapiga kura wa Kansas, jimbo la Republican, wakakataa kuiondoa haki hiyo katika katiba yao. Ilani ya Republican ya mwaka 2024 ikaacha wito wa marufuku ya nchi nzima, mambo yakaachiwa majimbo. Je, mtoto aliye tumboni alibadilika hali baina ya 2016 na 2024?

Mtu atasema, hayo ni ya kwao, yatuhusu nini? Yatuhusu. Mwaka 1984 serikali ya Reagan ilitangaza kwamba jumuiya yoyote ya nje inayopokea fedha za Marekani za uzazi wa mpango isitoe mimba wala kuipigia debe, hata kwa fedha zake yenyewe. Clinton akaliondoa sharti hilo 1993, Bush mdogo akalirejesha 2001, Obama akaliondoa 2009, Trump akalirejesha na kulipanua 2017, Biden akaliondoa 2021, Trump akalirejesha 2025. Mara zote sita ni Januari, mwezi anaoingia rais mpya. Mwaka 2001 Chama cha Uzazi wa Mpango cha Kenya kilikataa sharti hilo, kikakosa fedha, kikafunga baadhi ya zahanati zake. Na mama aliyekwenda kumpimisha mtoto wake akakuta mlango umefungwa, hakuwa amempigia kura Bush wala kumnyima.