Kuhusu Istilahi "Kiungo Jamaa"

Katika rasimu ya mwongozo wa watunza tovuti iliyotufikia, imependekezwa kwamba njia fupi ya kutaja mahali ilipo picha ya ukurasa iitwe "kiungo jamaa". Twaona kwamba istilahi hii haifai, na kasoro yake si ya kuchekesha tu.

Dhana yenyewe ni hii. Picha haimo ndani ya ukurasa. Ukurasa hutaja anwani yake, na kivinjari huenda kuichukua. Anwani yaweza kuandikwa nzima, pamoja na jina la tovuti. Yaweza pia kufupishwa, mathalani picha/mto.jpg, na hapo kivinjari huikamilisha kwa kutumia anwani ya ukurasa wenyewe. Ndivyo kanuni za intaneti zilivyoeleza mwaka 1995, na tena katika waraka wa RFC 3986 wa mwaka 2005. Ni kama kumwelekeza mgeni "nyumba ya tatu kutoka hapa": akiyachukua maelekezo hayo hadi mtaa wa pili, atabisha hodi kwa watu wengine. Hivyo makala ikitokea katika ukurasa wake na pia katika ukurasa wa mbele, picha yaweza kuonekana huku na kukosekana kule, ingawa hakuna aliyeifuta.

"Jamaa" halisemi lolote juu ya hali hiyo. Mfasiri ameshika maana ya kwanza aliyoikuta kamusini. Neno hilohilo la Kiingereza wanasarufi wetu waliliita "rejeshi", nao walitazama kazi yake. "Husianifu" lina nafuu, walakini halionyeshi kipi kinategemea kipi. Sisi twapendelea "anwani tegemezi" (mwalimu aliyefundisha kishazi tegemezi hatahitaji maelezo marefu), "anwani msingi" kwa ile inayotegemewa, na "anwani kamili" kwa ile isiyohitaji nyingine. "Kiungo" kibaki kwa kile anachokibofya msomaji. Picha haibofywi ndipo ionekane.

Iko aina moja yenye utata, nayo ni ile inayoanza kwa mkwaju: /picha/mto.jpg. Hiyo huhesabiwa kutoka mzizi wa tovuti, haijali ukurasa umo katika folda gani, lakini jina la tovuti bado hulipata kwa anwani msingi. Kuiita "kamili" ni kumpotosha mtumishi atakayehamishia nyaraka za ofisi yake katika tovuti nyingine. Twapendekeza "anwani tegemezi ya mzizi", japo ni ndefu.