Mkono Chini ya Sikio

Mchunga ng'ombe hodari wa Fort Ternan haanzi kwa kumtazama ng'ombe usoni. Anampitisha mkono chini ya sikio, pale taya linapokutana na shingo, anabonyeza taratibu akitafuta tezi. Ikiwa imevimba, anajua kupe wamefanya kazi yao na ndigana kali imo njiani, hata kama mnyama bado anacheua na macho yake hayajafifia. Kupe anayeeneza ugonjwa huo hupenda kujificha sikioni, ndiyo maana tezi ya hapo hutangulia kuvimba. Daktari wa mifugo atakuja na kipimajoto na sindano, na tunamshukuru. Lakini aliyempigia simu mapema, kabla ng'ombe hajaanza kuhema na kutoa povu puani, ni yule mwenye mkono.

Nimechoka kusikia kazi hii ikitajwa kama kazi ya aliyekosa kazi. Kijana akianguka mtihani husemwa, basi na akachunge ng'ombe, kana kwamba fimbo ni adhabu. Anayesema hivyo hajawahi kuswaga ng'ombe kumi na watano katika nchi hii. Ukitoka Kericho mjini unateremka kuelekea bonde la Nyando, joto linaongezeka, majani chai yanabaki nyuma juu ya vilima, na miwa ya upande wa Koru na Muhoroni inaanza kuonekana. Kati ya mahindi ya huyu na miwa ya yule kuna kijia cha upana wa ng'ombe wawili, na kila jani linalochungulia njiani lina mwenyewe na lina kesi yake kwa chifu. Mchungaji anayeijua kazi hatembei nyuma kabisa ya kundi wala mbele yake. Anakaa ubavuni, nyuma kidogo ya bega la ng'ombe anayeongoza, kwa sababu akisogea hatua moja tu mbele, mnyama hupunguza mwendo, na akirudi nyuma, mnyama huendelea. Fimbo yake haipigi, inaonyesha tu. Kazi iliyobaki inafanywa na sauti.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Kila ng'ombe ana jina lake, na anaitwa kwa jina. Kuna mluzi wa kumpeleka mtoni na mluzi mwingine wa kumtuliza akishafika, anywe bila kusukumwa na wenzake. Kuna mwito wa jioni, mrefu, unaoanza chini na kupanda ghafla, unaorushwa ng'ambo ya bonde, nao ng'ombe walio mbali huinua vichwa na kuanza kurudi wenyewe. Saa ile ya kurudi kwa ng'ombe ina uzito wake kwa Wakipsigis: mtoto aliyezaliwa wakati huo huitwa Kiprotich akiwa wa kiume, Cherotich akiwa wa kike.

Asubuhi, kabla jua halijachomoza, sauti inashuka. Mkamaji anamfungulia ndama kwanza, anyonye kidogo hadi maziwa ya mama yake yashuke, kisha anamvuta pembeni na kumfunga karibu na mguu wa mbele wa mama, ili aendelee kumnusa na kumlamba. Anachuchumaa, paji la uso likiegemea ubavu wa ng'ombe, na anaanza kumwimbia. Maneno ni ya sifa: rangi yake, pembe zake, aliyemzaa, mahari aliyotokana nayo. Mikono inafuata wimbo, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba mlio wa maziwa nao unabadilika, mkali chombo kikiwa kitupu, mzito povu likipanda. Mgeni akija na kelele, ng'ombe huyazuia maziwa. Wimbo ukirudi, yanashuka. Mzee mmoja nilimuuliza, "Mzee, ukinyamaza je?" Akanijibu bila kugeuka, "Kijana wangu, jaribu wewe kumkama ukiwa umenyamaza." Maziwa hayo yakitengwa kwa ajili ya mursik, yataingia katika kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet, na kukaa humo siku kadhaa. Ni haya wanayonyweshwa wanariadha wetu uwanja wa ndege wakirudi na medali.

Wachunga ng'ombe wa Marekani tunawafahamu kwa kofia na bastola za sinema. Kazi yao halisi ilikuwa nyingine. Kuanzia 1867 waliswaga makundi makubwa kutoka Texas hadi kituo cha reli cha Abilene, Kansas, safari ya wiki nyingi, baadhi yao wakiwa watu weusi na Wameksiko. Usiku waliizunguka mifugo kwa zamu wakiiimbia, maana ngurumo moja tu ingeweza kuitimua mbio gizani. Polepole, sauti moja isiyokatika, ili ng'ombe ajue aliyepo ni yule yule. Mkamaji wa Fort Ternan angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Na sauti za pande hizo mbili zilikutana, na ushahidi uko kwenye santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo yake akirekodi muziki, alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis. Huko alimrekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Anayeimbwa kwa jina hilo ni Jimmie Rodgers wa Mississippi, aliyezaliwa 1897, akafanya kazi ya breki kwenye treni, akaanza kurekodi 1927, na kufariki kwa kifua kikuu 1933. Aliimba habari za reli na za wachunga ng'ombe, na alikuwa na namna ya kuipandisha sauti ghafla na kuivunja kooni. Santuri zake zilifika vilima vya Kericho. Wasichana waliisikia sauti pasipo kumwona mwenyewe, wakaamua kwamba huyu si mtu kamili: nusu mtu, nusu paa, na wakamwimbia wakimhimiza aruke na kucheza.

Wapo wanaousimulia wimbo huu kwa kucheka ushamba wa wasichana. Mimi naona walisikia sawasawa. Walikuwa mabinti wa watu wa ng'ombe, na sauti inayopanda na kuvunjika waliijua kuwa sauti ya kuwaita wanyama. Walipomsikia Rodgers, walimweka karibu na wanyama, mahali wimbo wake ulikotoka. Na nikiwa Fort Ternan siwezi kulipita jambo moja: ni hapa mtaalamu wa mambo ya kale Louis Leakey alipochimbua, kuanzia 1961, mifupa ya miaka ipatayo milioni 14, ikiwemo ya wanyama wa ukoo mmoja na ng'ombe na paa. Mmoja wao amepewa na wataalamu jina la Kipsigicerus, kutokana na Wakipsigis.

Malisho yenyewe yamepungua tangu zamani. Reli ilifika Kisumu 1901 ikipitia hapa, walowezi wakaja nyuma yake, makampuni ya chai yakafuata miaka ya 1920, na Wakipsigis wengi wakajikuta maskwota kwenye ardhi ya baba zao, wakihesabiwa ng'ombe wanaoruhusiwa kufuga. Leo shamba limegawanywa kwa wana na wajukuu, na ng'ombe wa kisasa anakaa bandani akikatiwa majani ya nepia. Anatoa maziwa mengi, nami simlaumu mfugaji anayelipa karo kwa maziwa hayo. Ila ng'ombe asiyetoka bandani haitwi kutoka ng'ambo ya bonde, na mtoto wa nyumba hiyo hajifunzi kuita.

Katika miaka ya 2010, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, iliyoko Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuwarudishia watu wa Kapkatet nyimbo zao. Kazi njema sana. Ningetaka atakayefuata aje Fort Ternan na kinasa sauti, awe zizini saa kumi na moja alfajiri, anase maneno ya kukamia, mluzi wa mtoni na mwito wa jioni, na katika kila rekodi aandike jina la mchungaji, na la ng'ombe aliyekuwa akiimbiwa.