Kinga ya Golemu na Mantiki Yake
Katika makala haya ninahakiki kinga ya golemu, kiumbe wa kuundwa kwa mikono, katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Toleo la 3.5 la mwaka 2003 linamkinga dhidi ya uchawi mwingi, kisha linaacha mianya. Golemu wa chuma hupunguzwa kasi na umeme, lakini moto humponya. Golemu wa mawe hupoteza kinga kwa mzunguko mmoja akipigwa na uchawi wa kugeuza jiwe kuwa nyama. Mianya hii naiunga mkono: inatokana na maumbile yake, na mchezaji aliyechagua kuwa mchawi habaki mtazamaji.

Kasoro ni kwamba kinga huzuia tu uchawi unaopingika kikanuni. Hivyo mshale wa tindikali humdhuru golemu wa mawe, ilhali mpira wa moto haumdhuru. Sababu ni mstari mmoja wa kanuni, wala si jiwe lenyewe.

Katika masimulizi ya Kiyahudi, golemu huhuishwa kwa neno “emet”, yaani ukweli. Ikifutwa herufi moja hubaki “met”, amekufa. Nguvu na udhaifu wake vina chimbuko moja. Kwangu mimi, kinga isiyo na chimbuko hilo ni ukuta mtupu.