Mguu Unaosoma Ardhi

Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro kwenye njia ya Marangu husifiwa kwa pumzi na ukakamavu, na sifa hiyo ni pungufu. Ufundi wao mkubwa umo katika kujua ardhi itaishikaje soli kabla mguu haujatua. Msuguano hauko kwenye kiatu peke yake wala kwenye ardhi peke yake. Huzaliwa pale viwili hivyo vinapokutana, na njia ya Marangu hubadilika kila baada ya saa chache. Msituni, chini ya kibanda cha Mandara, mzizi uliovuka njia huonekana kama ngazi, na mgeni huukanyaga. Mwongozaji huuruka, akatua kwenye udongo wenye vijiwe, kwa kuwa gome lililolowa lina utando wa maji unaoizuia soli kuling'ata. Juu ya kibanda cha Horombo mambo hugeuka: jiwe kavu la volkano, lenye vitundu na makali, huushika mpira barabara.

Mtihani wenyewe uko Kibo, kati ya kibanda cha mita 4,720 na Gilman's Point, mita 5,685. Hapo soli huishika kokoto vizuri tu. Kinachoteleza ni kokoto juu ya kokoto mwenzake. Usiku baridi hugandisha unyevu uliomo kati yake, na mteremko ukashikamana; jua likipanda, huachia. Ni kweli kwamba kuanza kupanda saa sita usiku huwapa wageni mapambazuko kileleni, lakini hata pasingekuwa na mapambazuko ya kutazama, miguu ingeidai saa hiyohiyo. Na ile "polepole" isemwayo njia nzima, ambayo wengi huielewa kuwa ni ya kuokoa pumzi, huokoa pia hatua: mguu unaosukuma kwa pupa huyang'oa mawe, na aliyepanda hatua mbili hurudi moja.

Atakuwepo wa kusema kwamba buti zuri limeumaliza ufundi huu. Buti zuri ni haki ya kila mpagazi, tena bila mjadala, ila buti halichagui pa kukanyaga. Mwingine atadai kwamba mzigo humkandamiza mpagazi ardhini asiteleze. Mfaransa Guillaume Amontons alionyesha mwaka 1699 kwamba msuguano huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka. Lakini mlimani uzito uleule humvuta mtu chini kwa kadiri ileile. Kilo 20 kichwani hazimpi nafuu yoyote, na zikiyumba humwangusha. Kinachobaki ni kuchagua: kupanda kwa kukata kona, hatua fupi, unyayo mzima chini.

Ardhi yenyewe nayo haikai ileile. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, walipofika huko tarehe 6 Oktoba 1889, walilazimika kuchonga vidato kwenye barafu. Kufikia 2007, asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka. Ukipanda leo, acha kutazama kilele kwa muda. Tazama visigino vya aliye mbele yako, ukanyage alipokanyaga.