"Kusafisha Picha": Neno Moja, Kazi Tatu

Katika studio za picha mjini Same, kama kwingineko nchini, kitenzi kusafisha kimebebeshwa mzigo kisiouweza. Enzi za filamu, kusafisha picha kulikuwa ni kuitia filamu katika dawa, gizani, hadi sura ionekane. Siku hizi mteja ashukaye kutoka Mamba au Chome na picha yake ndani ya simu huomba "asafishiwe", yaani ichapwe katika karatasi, na hapana dawa wala giza. Fundi naye husema "amemsafisha" mteja, maana amemwondolea makunyanzi na kovu kwa kompyuta.

Maana mbili za kwanza hatuzigombi, kwani maneno huhama pamoja na vyombo vyake. Hii ya tatu twaikataa. Karani akiandika katika tangazo kwamba picha "ziwe zimesafishwa vizuri", mwombaji wa kitambulisho aelewe nini? Akileta uso usio na kovu alilo nalo, ikarudishwa, kosa si lake. Nauli iliyopotea ndiyo yake, na njia ya milimani si fupi.

Kwa kazi hiyo twapendekeza kuremba. Wapo watakaotaka kuhariri, lakini kitenzi hicho kina adabu mno: chaficha kwamba uso umebadilishwa, ilhali kuremba chakiri. (Wale wanaoita picha ya mtu "taswira" wawaachie wahakiki wa fasihi neno lao, "picha ya sura" yatosha.) Basi tangazo liseme: picha iliyochapwa vizuri, isiyorembwa.